Kuku wa Mzee Juma

Nilichosikia ni kwamba jirani yetu Mwislamu, Mzee Juma, alimsomea kila kuku maneno ya kumgeuza dini atakayemla. Watoto wa mtaa wetu wa Kariobangi tuliamini hivyo. Nilichoshuhudia ni kingine, nami nilikikumbuka juzi vijana tunaopanga nao kwenye ploti yetu walipobishana juu ya imani ya jirani wasiyewahi kumuuliza. Niliwaagiza wakamuulize.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba alimwita Mzee Juma atuchinjie kuku, ili familia zote mbili zile pamoja. Uani palinuka moshi wa mkaa. Nililia, nikasema sili.

“Mzee Juma,” baba akauliza, “unasema nini unapochinja? Huyu anaogopa.”

“Namtaja Mungu. Kwani nyinyi hamwombi kabla ya kula?”

“Tunaomba.”

“Basi mimi huomba mapema, kuku akiwa bado anasikia.”

Baba alicheka, kisha akasema, “Leo mtaje kwa sauti, mtoto asikie mwenyewe.”

Akamtaja kwa sauti, akachinja. Mama alipoombea chakula, Mzee Juma alisubiri, mkono juu ya sahani, hadi sote tukasema amina. Nilikula paja. Jumapili nilikuwa kanisani, benchi la mbele.