Kusimama Nyuma ya Mshonaji

Nilikuwa supavaiza mwenye sifa moja kubwa: nilitembea bila kusikika. Kila asubuhi nilitoka Ruiru hadi kiwandani Thika, tunakoshona sare za shule, nikavaa raba na kuanza kuwanyatia wafanyakazi. Nilisimama nyuma ya mshonaji, nikachungulia kazi juu ya bega lake. Ndivyo nilivyofunzwa, na kusema kweli nilifurahia nikiona mtu akishtuka. Niliamini anayeshtuka ana la kuficha.

Kulikuwa na dada mmoja, mzaliwa wa Kakamega, ambaye kazi yake ilinitia wazimu. Kola zote zilienda upogo. Nilikuwa nimempa barua mbili za onyo, na ya tatu, ile ya kumfuta kazi, ilikuwa mkononi mwangu fundi wa mashine aliponiita kando.

"Madam, ushawahi kuona kazi yake ukiwa haupo?"

"Haiya! Nitaionaje na sipo?"

Akanionyesha rundo la asubuhi, mashati ambayo dada yule alishona nikiwa mkutanoni. Nilitafuta kosa kwa bidii ya mtu asiyetaka kushindwa. Kola zote zilikuwa zimenyooka.

Nikaona aibu, ile ya kuchoma masikio. Nikazunguka, nikamjia dada yule kwa mbele, nikamsalimu. Sikumuuliza yaliyowahi kumpata. Hayo ni yake. Nilimuuliza tu angependa kukaa wapi.

"Hapo kwa ukuta, Madam," alisema bila kuinua macho. "Nyuma kusikuwe na mtu."

Barua nikairarua, na fundi akahamisha mashine siku iyo hiyo. Nilirudi nyumbani nikijipongeza njia nzima, bosi wa maana kweli. Kiburi hicho kiliishi siku mbili.

Siku ya tatu mama mmoja alikuja kuniuliza kama ukutani kumebaki nafasi. Akaja mwingine. Kisha wakaja wawili pamoja, wakijifanya wanataka mwanga wa dirisha. Ukuta wetu unatosha mashine tano. Kufikia Ijumaa walioomba walikuwa kumi na mmoja, na baadhi yao nilikuwa nimewasimamia miaka minane bila hata mmoja kuniambia neno. Wangeniambiaje, na siku zote nilikuwa mgongoni mwao?