Poda Juu ya Seli

Mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu ndiye alitutangazia. Baada ya maombi ya Alhamisi alisema kuna madaktari wamekuja kliniki moja hapa Thika na kompyuta ya kutafuta kansa ya mlango wa kizazi, na kila mama aliyezaa aende apimwe, ni bure. Halafu akashusha sauti, maana mzee mmoja wa kanisa alikuwa bado anapanga viti.

"Na mwende mkiwa wasafi. Msiniaibishe."

Tukaenda wasafi. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Ruiru, alilala kwangu mtaa wa Landless ili twende pamoja. Asubuhi tulioga tukajipaka poda ya mtoto huko chini, kopo moja sisi wawili, kama watoto wanaopelekwa kubatizwa. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na hakuna mtu alikuwa amewahi kuniangalia huko isipokuwa mkunga.

Tulipimwa, na baada ya wiki kadhaa tukaitwa turudi. Karibu kikundi chote. Siku hizo nilikuwa nasoma ngumbaru, shule ya watu wazima ya jioni, na jioni hiyo kila neno mwalimu aliandika ubaoni mimi niliona kansa. Dada yangu akasema nitangulie, yeye atasikia kwangu.

Mtu wa maabara alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani. Aliona vile nimesimama mlangoni siingii, akaniketisha mbele ya kompyuta. Maikroskopu ilikuwa na kamera juu yake, na yale waliyotutoa wakayapaka kwenye kioo kidogo yalikuja kwenye skrini yakiwa makubwa. Kompyuta ilikuwa inatafuta seli yenyewe, moja moja, na ile isiyoipenda inaichorea boksi nyekundu. Akanionyesha seli nzuri. Ilikuwa kama chapati iliyowekwa haragwe moja katikati. Hilo haragwe ndilo kiini.

"Ile mbaya, haragwe linakua mpaka linataka kumaliza chapati," akasema.

Halafu akaweka kioo changu. Boksi nyekundu zilijaa kila mahali. Nikasema moyoni, Bwana, watoto wangu nitawaachia nani?

"Mama, ulijipaka nini?"

"Poda," nikasema chini chini.

"Nyinyi wa kanisa hilo wote?"

"Tuliambiwa tuende wasafi."

Alicheka mpaka akatoa miwani. Kumbe punje ya poda ikikaa juu ya seli, kompyuta inaona kitu cheusi na kudhani ni kiini kimeharibika. "Hii mashine haikufundishwa akina mama wa Thika," akasema.

"Kwa hivyo sisi wote ni poda tu?"

Hapo akaacha kucheka. "Sijasema hivyo. Poda imefunika. Yule ambaye hajarudi, mimi sijui kama ni mzima ama ni mgonjwa. Sijamwona."

Walinipima upya, na wiki iliyofuata nikaambiwa niko sawa. Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Lakini hayo maneno ya mwisho hayakunitoka, kwa sababu dada yangu alikuwa ameniambia, tukikunja nguo, kwamba kuna damu inamtoka katikati ya mwezi. Alisema ni uzee.

Na kanisani tayari imekuwa mzaha. "Haiya, kompyuta nzima inaogopa poda!" Wengi hawakurudi tena. Mzaha ulifika Ruiru kabla yangu.

Nilimkuta dada akikatia ng'ombe majani ya nepia.

"Umekuja na hiyo kompyuta yako?"

"Nimekuja na miguu yangu."

"Wewe waliona nini?"

"Poda."

"Na mimi nilijipaka ya kopo gani?"

"Hilo hilo."

"Basi."

"Na damu?"

Akasimamisha panga. "Wee! Ng'ombe wanasikia."

"Wacha wasikie."

"Kwani siku hizi unaamini Mungu ama unaamini mashine?"

Hiyo iliniuma, maana mimi ndiye nilikuwa naombea nyumba yake kila mwaka ukianza. Nikamwambia, "Naamini Mungu, ndio maana niliweza kwenda kuangalia. Wewe ndio unaogopa."

Aliendelea kukata nepia vipande vidogo kuliko vile ng'ombe anahitaji. Niliondoka bila chai, na kwetu kuondoka bila chai ni vita.

Nilirudi Jumamosi. Nikarudi Jumamosi nyingine. Mara ananiambia kliniki imefungwa, mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Nilifunga na kuomba, na sikumwambia nafunga. Halafu asubuhi moja nikafungua mlango wangu nikamkuta amesimama nje, kitambaa amekifunga vibaya.

"Sijajipaka kitu," akasema. "Twende kabla sijageuka."

Siku ya majibu alikataa nitoke. Tukakaa wawili mbele ya skrini. Safari hii picha ilikuwa safi, seli zimetawanyika vizuri, na boksi nyekundu zilikuwa chache, zimekusanyika pembe moja.

"Hiyo ni poda ilibaki," dada akasema haraka.

"Hapana, mama." Mtu wa maabara aliweka kidole kwenye skrini. "Haya ni maharagwe yenyewe."

Alisema hajaachia kompyuta peke yake. Ameangalia kwa macho yake, na daktari pia ameangalia. Ugonjwa bado uko mlangoni, haujaingia ndani, lakini aende Nairobi akatibiwe bila kungoja. Dada yangu alisema asante, kama mtu aliyepewa chai. Huko nje alinishika mkono, na hajawahi kunishika mkono tangu tukiwa wadogo. Nilitaka kuomba, nikakosa pa kuanzia.

Nilimpeleka mpaka kwake. Mume wake alikuwa anakama, ametugeuzia mgongo.

"Sasa, hiyo mashine imekosea tena?"

"Haijakosea," dada akasema. "Jumatatu tunaenda Nairobi. Mimi na wewe."

Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo, halafu yakanyamaza. Aligeuka akaniangalia mimi, si dada, kama ni mimi nimeleta hicho kitu hapo bomani. Sikuinamisha macho. Akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akamfuata mke wake ndani.

Ng'ombe alikuwa bado na maziwa. Nikakaa kwenye kile kiti chake kidogo cha kukamia, nikamalizia.