Barua Niliyoifasiri Vibaya Lubunga

Siku yangu ya kwanza katika baraza la wauguzi hapa Kisangani, kabla hata sijaonyeshwa kiti, katibu wetu alinipa barua niipeleke Lubunga, ng'ambo ya mto. Tulimwita Papa Sekretere, mtu wa maneno machache. Barua ilikuwa ya kumpa Mama Antoinette, muuguzi wa kituo cha afya cha huko. Mtoto mmoja alishikwa na degedege akiwa kwenye dripu aliyomwekea, na wazazi wakashtaki.

Nilivuka kwa pirogi. Barua ilisema suspension à titre conservatoire, yaani leseni inawekwa kando wakati uchunguzi unaendelea. Mimi, kwa ujuaji wa ujana, nikamfasiria kwa mkato: "Mama, wamekufukuza." Akavua blouse yake nyeupe, lile koti la kazi, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Nami mpumbavu nikaipokea.

Papa Sekretere alipoiona mezani, alivua miwani.

"Hii iko ya nani?"

"Ya Mama Antoinette, Papa. Amerudisha."

"Nani alimufukuza? Bon, rudia sasa hivi. Umuambie: simama kazi kwanza. Kwanza, unasikia? Hatuyamuhukumu mutu bado."

Nikavuka tena, nikamrudishia blouse na kumweleza upya.

"Kwanza?" aliniuliza taratibu. "Donc kisha iko kitu?"

"Iko, mama."

Nilimpenda tangu saa ile. Ninyi vijana wa baraza mnaotuma barua hizi kwa simu, mketi na mtu, mmfasirie neno kwa neno.

Uchunguzi ulimaliza msimu mzima wa mvua. Mama Antoinette alilima muhogo, na majirani wakafupisha salamu. Iliniuma, maana kanuni zilinikataza kumtembelea, naye alikatazwa kuisogelea familia ya mtoto. Mwishowe daftari la kituo lilionyesha kwamba alifuata kipimo cha dawa alichoandikiwa, na aliyekosea ni yule aliyekiandika.

Nilimkuta shambani.

"Mama, leseni yako imerudi."

Hakuuliza nani alikosea.

"Na mutoto?"

"Iko muzima, mama. Anakimbia. Alipona wiki ileile."

Akaketi chini kwenye matuta, akalia.

Sasa nimestaafu. Bado naamini leseni lazima isimamishwe pale mgonjwa anapokuwa hatarini, na nilipeleka barua nyingi baada ya ile bila kusita. Ila katika fomu zetu zote hapakuwa na mahali pa muuguzi kuuliza hali ya mgonjwa wake. Alingoja miezi yote ile, na jibu nilikuwa nalo mimi, kwenye faili.