Pole ya Mashine

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya ving'amuzi vya televisheni huko Mbagala. Mlangoni wameweka mashine mpya inayoongea na wateja, imebandikwa tangazo: "Inafikiri kama wewe." Mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga nyeusi, akaieleza kwamba mumewe amefariki na anataka king'amuzi kihamishiwe kwenye jina lake yeye.

"Pole sana kwa msiba, mama," mashine ikajibu. "Tafadhali nenda dirisha la pili."

Mama akashtuka. Foleni nzima tukaguna. Kumbe ina adabu!

Dirishani alikaa kijana, macho kwenye simu. Shikamoo hakutoa.

"Namba ya kadi?"

"Mume wangu amefariki, mwanangu..."

"Nimekuuliza namba ya kadi."

Nikashindwa kuvumilia. "We kijana, hata pole?"

Akaelekeza kidevu mlangoni. "Si ameshapewa pale?"

Jamani! Watu wanakesha wakibishana mashine ipimweje ili tujue kama inafikiri kweli. Mie naona ile haifikirii kitu. Haijawahi kukaa kwenye mkeka wa msiba wala kubeba jeneza, imekaririshwa tu. Lakini huyu kijana amekaa, amebeba, na msiba anaujua. Sasa kwa hicho kipimo tuanze kumpima nani?

Mama alipomaliza shida yake, hakumuaga kijana. Alisimama pale mlangoni, akaigusa mashine begani, kana kwamba ina bega, akasema taratibu: "Nimeshapoa, mwanangu."