Fundo la Glavu Nyeupe

Asubuhi ile mlangoni petu palikuwa na mkono ukining'inia.

Nilipiga yowe. Dada akatoka na mswaki mdomoni.

Ilikuwa glavu nyeupe ya hospitali, imejazwa udongo, imefungwa kwenye kitasa kwa utepe wa bendeji.

Dada hakushtuka. Aliliangalia lile fundo, akavuta ncha moja, likafunguka lote.

"Unamjua aliyefanya hivi?" nikamuuliza.

"Mtu mwenye hofu. Nipe chai."

Dada yangu alikuwa mwosha maiti hospitalini. Mtaani walimwita Bi Mwisho. Mwenye nyumba wake alipoijua kazi hiyo, alimtupia vyombo nje mvua ikinyesha. Ndipo akahamia kwangu.

Halmashauri ilikuwa imeleta pendekezo la sheria ndogo: mtu asinyimwe chumba, huduma wala kiti kwa sababu ya kazi yake, maradhi yake, umbile lake au asili yake. Wakazi wangeamua Jumamosi kwa kunyoosha mikono.

Basi tulikuwa tumeanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kuwaomba watu waiunge mkono. Dada hakutoa mkono kwanza. Alisubiri apewe. Wengi hawakumpa.

"Bi Mwisho, umekuja kunipima urefu?" fundi viatu alimtania.

"Ufupi huo, utanipa kazi gani? Jumamosi unakuja?"

Fundi akacheka mpaka akaangusha nyundo. "Nakuja, dada yangu."

Kulipokucha, glavu ilikuwa mlangoni kwake.

"Nisameheni," alituambia, macho chini. "Mimi nina watoto."

Muuza mboga naye hivyohivyo. Kinyozi naye. Kila aliyeahidi aliamkia mkono mlangoni. Watu wakaanza kufunga madirisha tukipita.

Wiki hiyohiyo, Dada alijilaza mchana, hakuamka. Daktari alisema ni presha.

Aliyemwosha alikuwa mwenzake wa kazini, mama mtu mzima aliyemfundisha kazi. Alikaa mtaani kwetu. Majirani walimwita Mama Stoo, maana wote waliamini anatunza stoo ya dawa hospitalini. Siku hiyo ndipo nilipoujua ukweli.

Aliniita nimuage Dada. Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa bendeji.

Nikavuta ncha moja ya fundo. Likafunguka lote.

"Ni wewe," nikasema.

Mama Stoo akakaa sakafuni.

"Mwanangu, hata mume wangu hajui. Wakwe zangu wanakula chakula cha mikono hii. Nyie mlipoanza kubisha hodi, niliona watu watauliza nani mwingine anaosha maiti kule."

"Dada alijua?"

"Tangu siku ileile ya kwanza. Aliniletea glavu imefuliwa, akasema, 'Hii bado nzima, Mama.' Basi. Hakunitaja kwa mtu."

Jumamosi ukumbi ulijaa watu wasiotazamana. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Nikanyoosha wangu, peke yangu.

Kisha Mama Stoo akasimama.

"Mimi ni mwosha maiti. Glavu zile niliziweka mimi."

Viti vilivyomzunguka vikaanza kuburutwa, kimoja kimoja. Mumewe akainuka, akatoka bila kugeuka. Mama akabaki amesimama kwenye uwazi ule, mkono juu.

Nikaenda kukaa kando yake. Fundi viatu akanyoosha wake. Na wengine, wachache.

Hatukutosha. Sheria haikupita.

Nje nilimpa Mama Stoo mkono. Wake ulikuwa wa baridi, unanukia sabuni, kama wa Dada. Sasa anaishi kwangu, chumba kilekile. Pendekezo litaletwa tena, nasi tumeshaanza kubisha hodi.

Leo asubuhi kulikuwa na glavu mlangoni.

Mama alilitazama fundo kwa muda mrefu. Akavuta ncha. Halikufunguka.

"Hili si langu," akanong'ona.

Ndugu zangu, ukimtisha jirani ili wewe ujifiche, unamfundisha jinsi ya kukutisha. Nasi tumebaki tunatafuta kisu cha kukatia fundo la mwanafunzi tusiyemjua.