Papa Aliyeshonwa na Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi makochi. Kwa miaka ishirini na sita ameinamia viti vya watu hadi mgongo ukazoea kuinama hata akiwa hana kazi. Wateja humwita Sindano. Si mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za kazi atakujibu, "Tunasukuma," na hapo mazungumzo yameisha.

Alikuwa ndiyo kwanza amalize viti mia mbili na arobaini vya ukumbi wa mikutano, vidole vimejaa plasta, mwongozaji wa filamu alipoingia karakanani kwake. Alikuwa bwana mmoja mwenye kofia, anayeongea kwa mikono kuliko kwa mdomo. Alisema anatengeneza filamu ya kutisha: mafuriko yanaingia hotelini, na papa wanaingia nayo na kuwala wageni mmoja baada ya mwingine. Papa wa mbali wangechorwa kwenye kompyuta, ila alihitaji mmoja wa kushikika, wa kumng'ata mtu mbele ya kamera.

"Mimi papa sijawahi kumwona," shemeji akasema.

"Kochi la watu watatu je?"

"Hilo ndilo langu."

"Basi ni hilo hilo, ila lina meno."

Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasonya na kuondoka.

Mifupa ya yule papa ilichomelewa kwa mabomba ya chuma. Juu yake shemeji akapanga sponji, akaifunika kwa ngozi ya plastiki ya kijivu. Ya tumbo ilikuwa nyeupe, masalia ya mabenchi ya zahanati. Meno akayachonga kwa mbao. Karakana ilipojaa, kichwa kikahamia sebuleni kwao, na kwa wiki nzima dada alitazama televisheni akiwa amekaa kando ya taya.

Siku ya kwanza walipomtia kwenye bwawa la kuogelea, papa aligeuka akaelea chali, tumbo juu, kama mzee aliyeshiba. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Wakamfunga vyuma tumboni. Sasa sponji ikanywa maji, papa akazama, na wanaume sita wakamtoa kwa kamba.

Tangu siku hiyo shemeji hakuwa na raha. Kila kazi ilipokwisha alimvua papa ngozi, akaikamua sponji kipande kwa kipande, akaianika, kisha akashona upya kabla kamera hazijawashwa tena. Vidole vilivimba, ncha zikawa nyeupe na mikunjo. Nyumbani alikula akisinzia, kijiko kikisimama njiani.

"Mke mwenzangu hajambo?" dada alimuuliza.

"Kafumuka ubavu."

"Na wewe utafumuka hivyo hivyo."

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya kung'atwa kwa mwigizaji mkuu, binti mmoja hodari ambaye mpaka hapo hakuwa amesumbua mtu. Walipovuta kamba ya taya ili ajaribu, mdomo ukafunguka, ukafumba, naye akarudi nyuma hadi kwenye viti. Akasema haingii. Mwongozaji akambembeleza, akapandisha sauti, mwisho akaitupa kofia chini. Binti akazidi kujikunyata kwenye taulo.

Shemeji alikuwa ukingoni akimalizia mshono. Aliweka sindano chini, akavua viatu, akaingia majini na suruali yake. Maji yalimfika kifuani. Akapiga hatua ndogondogo hadi kwa papa, akaingiza kichwa chote mdomoni.

"Mwanangu," alisema kutoka mle ndani, "huku kuna joto na harufu ya gundi. Hakuna kingine."

"Baba, huogopi?"

"Naogopa maji. Kuogelea sijui. Huyu nimemshona mwenyewe."

Binti akacheka, machozi bado yanamtoka, akashuka ngazi ya bwawa. Wakampanga, wakapanga taa, na shughuli zikaendelea. Ilichukua muda mpaka mtu akagundua kwamba fundi hajatoa kichwa. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye taya ya chini, amefumba macho. Baadaye alituambia zile zilikuwa dakika pekee za mapumziko wiki ile.

Filamu ilipotoka tulikwenda watatu, onyesho la alasiri. Ukumbi ulijaa. Papa alipoibuka kwenye korido ya hoteli, dada, ambaye alikuwa amemfuta vumbi yule mnyama kwa mikono yake, alipiga ukelele akanikwaruza mkono hadi damu. Shemeji aliinama mbele, akakunja uso.

"Mshono wa shavu umeachia," akasema.

"Nyamaza mzee, anakuja!" mama mmoja wa mbele akamkaripia.

Filamu ilipendwa. Haikupita miezi miwili, mwongozaji akapiga simu: anataka sehemu ya pili, na sasa papa watatu. Shemeji alikuwa amejilaza mchana. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia atafute fundi mwingine. Yeye atakwenda siku moja tu, amwonyeshe namna ya kukamua sponji. Akaiweka simu sakafuni.

"Hujuti?" dada akamuuliza.

"Najuta kidogo," akasema, akageukia ukutani.