Mzani wa Asali Umefufuka Ipole

Kwa heshima zote nawatangazia jamaa na marafiki: mzani wa asali wa hapa Ipole ulifariki leo saa nne asubuhi, ukafufuka saa sita kasorobo. Matanga yameahirishwa.

Jana nilibadilisha majina ya mizani yetu miwili kwenye kiendeshi, ile programu ya ndani kabisa inayoiwezesha kompyuta kuongea na mzani. Zamani iliitwa mzani0 na mzani1, kutegemea upi umetangulia kuchomekwa. Nikaipa majina ya maana: mzani_mlangoni na mzani_ghalani.

Nikajiona mtaalamu, jamani.

Leo warina asali wamepanga foleni na ndoo zao, lori la mnunuzi linaondoka saa saba, na programu ya stakabadhi inaita mzani0. Kimya.

Bi Zuhura, karani wetu, akanitazama.

"Fundi, umeuhamisha?"

"Hapana, Bi. Nimeubadilishia jina tu."

"Ndiyo kuhamisha huko. Sisi tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, baba aliacha kibao kule mahameni: wa hapa wako nyumba ya saba. La sivyo wageni wangepigia hodi mijusi. Kibao chako kiko wapi?"

Nikaandika mstari mmoja: anayeuliza mzani0 aelekezwe mlangoni. Mzani ukaitika! Lori limeondoka limejaa, nami nimehema kama niliyezibeba ndoo zote.

Haya, nichekeni.

Pale nimewaambia watu ni matengenezo ya kitaalamu. Ukweli ni kwamba nilibadilisha majina bila kumuuliza yeyote anayeyaita, na kibao ni cha baba yake Bi Zuhura.